Mto Usiofika Ziwani: Siku Moja katika Msitu wa Bahati

Likizo ya Agosti ilipowadia, sisi watu tisa wa nyumba moja, wakubwa wanne na watoto watano, tuliondoka Mombasa kwenda kutembea Bahati, kaskazini ya mji wa Nakuru. Jirani walituuliza kama huko kuna arusi au matanga, kwani si desturi yetu kupanda bara kwa ajili ya kutazama miti. Hapakuwa na arusi wala matanga. Palikuwa na mazungumzo ya nyumbani yaliyotuchosha. Marehemu babu yetu alituachia kiwanja huko Kisauni, chenye miembe mitatu na kisima alichokichimba mwenyewe, akaruhusu kila jirani ateke. Siku hizi maji yake yameingia chumvi, na baadhi yetu wataka miembe ikatwe, uwanja utiwe saruji na vyumba vya kupangisha vijengwe. Tulijadiliana miezi mitatu bila kuafikiana. Ndipo mama yetu, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, aliposema twendeni mahali ambapo hatutasikia habari ya kiwanja, angaa kwa siku nne.

Tulipanda treni ya asubuhi Miritini, na baada ya Nairobi tukaendelea kwa matatu. Njia ilipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, watoto walinyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Voi. Reli ya kwanza iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita bonde hili hadi ikafika Kisumu mwaka 1901, na Nakuru ilikua kandokando ya stesheni yake. Kabla ya reli, misafara ya wazee wetu wa Pwani ilikuwa ikilikata bonde hili kwa miguu. Bi Mkubwa alitazama ule mteremko, kisha akatazama viatu vyake, akasema kwamba wazee wale walikuwa watu wengine.

Usiku ule tulilala Nakuru. Mtaa wa Bondeni una Waislamu wengi tangu zamani, na hatukupata taabu ya chakula cha halali wala ya msikiti. Asubuhi tulivaa masweta, kwani mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tukashika barabara ya Nyahururu hadi Maili Kumi, kituo ambacho jina lake lakumbusha enzi ya kuhesabu njia kwa maili. Mbele zaidi barabara hiyo huvuka ikweta. Mtoto wetu mdogo, akitetemeka chini ya leso ya mamake, hakukubali kabisa kwamba hapo ndipo katikati ya dunia, mahali ambapo kitabu cha shule kilimwambia kuna joto.

Msitu wa Bahati umekaa juu ya ukuta wa mashariki wa bonde, na ni msitu wa serikali. Hauingiwi ila kwa ruhusa. Tulijiandikisha, tukapewa askari wa msitu atutangulie, na mzee mmoja mwenyeji akajiunga nasi kwa hiari yake. "Karibuni, watu wa Pwani," alisema. "Mmefuata baridi?"

Mwanzo wa njia haukuwa msitu tulioutazamia. Ulikuwa misaiprasi iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka, na kati ya miche michanga palikuwa na viazi na maharagwe. Mzee alitueleza utaratibu huo, ambao ulianza Kenya tangu mwaka 1910: mkulima hupewa kipande cha ardhi iliyokatwa miti, hulima chakula chake huku akiitunza miche, na baada ya miaka kama mitatu, kivuli kikishatanda, huhama. Kuna wanaosema utaratibu huu huotesha misitu, na kuna wanaosema huimaliza. Mzee alikuwa amewahi kulima hapo, na jibu lake lilikuwa fupi: "Inategemea mtu atahama au hatahama."

Baada ya mwendo wa saa moja mistari ilikwisha, njia ikateremka bondeni, na hapo tukaingia msitu wenyewe: mierezi yenye magome ya nyuzinyuzi, mizeituni ya mwituni iliyopindapinda, na mipodo mirefu iliyovaa ndevu za kuvu. Ardhi ikawa laini kama godoro. Mmoja wetu alichomeka fimbo katika majani yaliyooza, ikazama kiasi cha shubiri nzima kabla ya kukutana na udongo. Tuliusikia mto kabla ya kuuona, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayesoma peke yake chumba cha pili. Ulikuwa mwembamba, kijana wetu wa miaka kumi na mitano aliuruka bila kukimbia. Juu yetu mbega walihama kutoka mti hadi mti, manyoya yao meupe yakining'inia mfano wa kanzu zilizoanikwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, hata wale wawili miongoni mwetu ambao tangu Juni walikuwa hawaketi pamoja bila ya kubishana.

Adhuhuri ilipoingia tulishuka ukingoni kutawadha. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Kijana alikuwa akijimwagia kwa furaha, na Bi Mkubwa akamkumbusha kwa upole kile tulichofundishwa chuoni, kwamba israfu ya maji ni israfu hata mtu akiwa kando ya mto unaopita. Tulisali kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Hapo kijana akagundua jambo kwa dira yake: Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu barabara, lakini Bahati yabidi kugeuka kidogo kuelekea mashariki, kwa sababu tumekwenda magharibi. Tuligawana mahamri na chai ya tangawizi, na mzee akatutolea viazi alivyochoma.

Ndipo tukamuuliza swali ambalo kila mtu wa bahari huuliza: mto huu huishia wapi? Tulidhani atasema Ziwa Nakuru. Alitikisa kichwa. Miamba ya bonde hili, alisema, imepasuka kwa volkano na mitetemeko ya kale, na mito kadhaa itokayo ukuta huu hunywewa na nyufa hizo kabla haijafika ziwani. "Ukiufuata, utafika mahali haupo." Mmoja wetu alisikitika, akasema basi ni mto wa bure. Mzee akacheka. Akatuuliza tulikunywa maji gani usiku uliopita mjini. Chini ya ukuta huo huo, upande wa Kabatini, kuna visima virefu vinavyovuta maji ya ardhini na kuyapeleka Nakuru. Mvua huangukia msituni, majani yaliyooza huishika isikimbie, udongo huinywa polepole, na kiasi kingine hupotea miambani. Mjini hufungua bomba mtu asiyejua hata jina la msitu.

Maneno hayo yalitugusa zaidi ya alivyokusudia. Sisi wenyewe Mombasa twanywa maji ya namna hiyo. Chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake hutuletea maji tangu miaka ya 1950, hupata maji yake kutoka vilima vya Chyulu, ambako mvua huzama katika miamba ya volkano na kutokeza mbali, safi kama kioo. Wangapi katika sisi wamepata kuviona vilima vya Chyulu? Tumefundishwa ubora wa sadaka ya siri, ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Hatukuwa tumefikiri kwamba kilima nacho chaweza kutoa kwa namna hiyo.

Njiani kurudi, askari alituonyesha kwa kidole upande wa Solai, kaskazini. Huko, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba lilipasuka na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha, wengi wao watoto na akina mama. Hakuongeza neno, nasi tuliwaombea dua waliotangulia. Wakati wa kupanda hakuna aliyekimbia.

Kwa familia itakayopenda kufuata njia hii, twashauri mambo machache. Ingieni mapema, kwani mwezi wa Agosti mvua hunyesha alasiri. Vaeni viatu vya kushika matope. Mabinti zetu walivaa suruali ndani ya madera wakatembea bila shida. Msiingie bila askari wa msitu, wala msiache taka.

Tumerudi nyumbani wiki tatu sasa, na suala la kiwanja halijakwisha. Ami yetu asema kodi ya vyumba italipa karo za watoto, na hilo si neno la uongo. Karo zipo na zadaiwa. Lakini yeye mwenyewe, aliyekuwa akitaka uwanja wote utiwe saruji, Jumanne iliyopita alikwenda Kisauni peke yake akiwa na kamba na vigingi. Amepima vyumba vinne badala ya sita, vyote upande wa barabara. Miembe miwili imebaki nje ya kamba, pamoja na kisima na udongo unaokizunguka, ili mvua ipate pa kuzama. Mwembe wa tatu umo ndani. Bi Mkubwa ameuona mchoro huo, hajasema kitu. Kikao ni baada ya sala ya Ijumaa, na chai itapikwa kwa maji ya kisima hicho hicho, chumvi yake ikiwamo.