Gari Lililokuwa Likichemsha



Muhula uliopita sisi mafrateri watatu tuliopangiwa gereji tulikabidhiwa Land Rover Series III ya petroli, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Ni kubwa kwa umri kuliko yeyote kati yetu. Ndiyo inayopanda vigangoni wakati wa masika.

Ugonjwa wake ulijulikana: kuchemsha. Kwenye mlima mrefu mshale wa joto unapanda, injini inazima, unasubiri nusu saa, inawaka tena. Tukaishambulia rejeta. Tuliisafisha kwa maji mpaka tope jekundu likaisha, tukabadili mipira iliyopasuka, tukakaza mkanda wa feni. Thamostati tuliichemsha kwenye sufuria (Sista wa jikoni hakupendezwa) nayo ikafunguka vizuri. Tukamwambia Padre gari limepona. Mlimani hatukulijaribu.

Wiki hiyohiyo, usiku, Padre aliitwa kigangoni kumpa bibi mmoja Mpako Mtakatifu. Gari likazima katikati ya mlima. Tulipofika, Bibi alikuwa ameshafariki. Wanawe walitupa uji, wala hawakutuuliza kitu. Afadhali wangetulaumu.

Asubuhi tulimwendea fundi mstaafu wa parokiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu."

Rejeta hakuigusa. Alifungua kifuniko cha distribyuta akatuonyesha pointi, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke. Vikiachana, nafasi yake iwe kama milimita 0.35 hadi 0.40, hapo hata karatasi ilipita kwa shida. Kisigino kinachosuguliwa na kemu kikilika, alisema, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Petroli nayo huchelewa kuungua, na joto ambalo lingesukuma pistoni huishia kwenye kuta za silinda na kwenye ekzosi. Injini itachemsha hata ukiifungia rejeta mpya. Tena kondensa, kile kikopo kidogo cha pembeni, ilikuwa ikifa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Kumbe ile nusu saa tulikuwa tunaisubiri kondensa!

Tulifunga pointi na kondensa mpya, tukapima nafasi, tukazungusha injini kwa hendeli taratibu huku tukiangalia taa ndogo ya majaribio, mpaka ikawaka pale alama zilipokutana. Kazi ya asubuhi moja, na vipuri vya bei ndogo kuliko mipira ya rejeta.

Safari hii tulilipandisha mlimani kwanza, na magunia ya mahindi nyuma. Halikuzima.

Siku ya arobaini tulimpeleka Padre kuadhimisha Misa nyumbani kwa Bibi. Baada ya chakula tuliwaeleza wanawe yote, pamoja na kwamba hatukulijaribu gari. Mkubwa wao aliuliza kondensa ndiyo kitu gani. Tulikuwa nayo ile ya zamani mfukoni. Akaipokea, akaigeuzageuza kiganjani, akampa mdogo wake naye aione.