Njia ya Kutoka Kaloleni hadi Hoteli ya Norfolk

Kutoka mtaa wa Kaloleni, upande wa mashariki wa Nairobi, mpaka Hoteli ya Norfolk ni mwendo wa maili tatu hivi. Mtu mwenye miguu mizuri huumaliza kwa muda wa saa moja na kitu. Hushika Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm Road, huingia Landhies Road, hupita Muthurwa palipojengwa nyumba za wafanya kazi wa reli, kisha hufuata Moi Avenue, iliyokuwa Government Road, mpaka mwisho wake karibu na Chuo Kikuu. Akivuka hapo huingia Harry Thuku Road, na hoteli yenyewe ataiona ikielekeana na Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa. Njia si ndefu, lakini imebeba mambo ya miaka zaidi ya mia moja, nami nawaomba wasomaji tuifuate pamoja.

Hoteli hii ilifunguliwa siku ya Krismasi, mwaka 1904. Wakati ule reli ilikuwa imefika Nairobi miaka mitano tu iliyopita, na mji ulikuwa bado wa mabati na matope. Wageni walikuwa walowezi waliokuja kutafuta mashamba, na matajiri waliokuja kuwinda. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alifikia hapo mwaka 1909. Lord Delamere na wenzake wenye vyeo walipenda sana kukutana barazani pake, hata watu wakaiita kwa mzaha Jumba la Malodi, kama lile baraza la wakubwa katika Bunge la Uingereza. Mwaka 1927 ilinunuliwa na Bwana Abraham Block, na jamaa yake wakaiendesha kwa miaka mingi.

Basi, ni nani aliyetandika vitanda vya malodi hao? Ni nani aliyepika, akafua, akasimama nyuma ya kiti akiwa amevaa kanzu nyeupe? Walikuwa watu wetu. Kwa muda mrefu wa utawala wa kikoloni Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa za Nairobi kama mpishi, dobi au boi, wala hakupokewa kama mgeni. Kazi ilipokwisha usiku alirudi kwao mashariki: Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadaye Kaloleni, Ziwani na Bahati. Wengi hawakuwa na chumba chao wenyewe. Walipangishwa nafasi ya kitanda kimoja katika chumba cha watu kadhaa, na wake zao na watoto wakabaki mashambani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika mji ule wageni walikuja wengi, na mwenyeji akakaa muda mrefu bila kupona.

Tena iko siku moja ambayo yeyote anayetazama baraza la Norfolk hana budi kuikumbuka. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku, aliyesimama kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, alikamatwa na kufungwa katika kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hoteli. Tarehe 16 maelfu ya watu walikusanyika nje kudai aachiliwe, wengi wao wakiwa wafanya kazi wa mjini. Mama mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwatia wanaume moyo wasirudi nyuma. Polisi wakapiga risasi, na imeandikwa katika historia kwamba walowezi waliokuwa barazani pa Norfolk nao walipiga. Watu zaidi ya 20 walikufa, na Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli ina jina la Harry Thuku. Mgeni asiyejua habari hii husoma kibao tu, akapita.

Nasi watu wa mashariki tulikuwa na jumba letu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, wanachama wa KAU na wa chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki walifanya mkutano mmoja, na hapo Makhan Singh akatoa neno lililoshtua serikali: kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili. Haukupita mwezi akakamatwa, pamoja na Fred Kubai, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Kwa hiyo malodi walikuwa na baraza lao mwisho mmoja wa njia, na watumishi wao walikuwa na ukumbi wao mwisho wa pili. Ukiuliza mambo ya kesho ya nchi yalinenwa wapi, jibu si gumu.

Mimi nilipata kulala Norfolk usiku mmoja, zawadi ya watoto wangu nilipostaafu kazi ya ukarani. Siwezi kusema kwamba sikufurahi. Katikati ya hoteli pana bustani tulivu, na ukikaa humo hutasikia kelele za magari ya mji. Shuka zilikuwa nyeupe zimenyoshwa sawasawa, na maji ya moto yalitoka bila kuchelewa. Mahali hapa pamepata misiba pia, maana usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 bomu lilibomoa sehemu ya hoteli na kuua watu wapatao 20, ndipo ikajengwa upya. Asubuhi kijana aliyeniletea chai aliniuliza kwa heshima, “Mzee, umetoka mbali?” Nikamjibu, “Hapana, mwanangu, natoka Kaloleni.” Akacheka, akasema, “Basi sisi ni majirani. Mimi nakaa Jericho.” Tukazungumza kidogo habari za mitaa yetu, akaenda kazini.

Maneno yake yalinifikirisha. Zamani rangi ya mtu ndiyo iliyomzuia mlangoni. Leo mlango hauulizi rangi, bali huuliza mfuko, na bei ya usiku mmoja yaweza kupita kodi ya mwezi mzima ya chumba huku mashariki. Na anayetandika kitanda bado aweza kuwa jirani yangu. Sisemi haya kwa uchungu. Kazi ya hoteli ni kazi ya heshima, imesomesha watoto wengi wa mitaa hii. Lakini yafaa sifa ya jumba igawanywe kwa haki, kwa wageni mashuhuri na kwa waliowatumikia.

Liko jambo la kujifunza kutoka nchi ya mbali. Katika mji wa Tokyo, Japani, kuna hoteli mashuhuri iitwayo Imperial, iliyoanzishwa mwaka 1890. Jengo lake jipya, lililochorwa na Mmarekani Frank Lloyd Wright, lilifunguliwa tarehe 1 Septemba 1923, siku ile ile tetemeko kubwa la ardhi lilipoangamiza sehemu kubwa ya mji. Jengo lilisimama. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1960 wenyewe walilibomoa ili wajenge ghorofa nyingi zaidi. Lakini hawakutupa kila kitu. Sehemu ya mbele, yenye ukumbi wa kupokelea wageni, ilihamishwa ikajengwa tena katika makumbusho ya Meiji-Mura, na mpaka leo watu huenda kuitazama. Wajapani walipata jengo jipya bila kupoteza kumbukumbu.

Hapa Nairobi, mitaa ya zamani ya mashariki imeanza kubomolewa ili majumba marefu yajengwe. Watu wanahitaji nyumba, na nyumba nyingi za zamani zimechakaa, hivyo si haki kupinga kila jengo jipya. Ila Norfolk haitakosa wa kuikumbuka, maana matajiri walipiga picha na kuandika vitabu. Chumba chenye vitanda vinne cha mpishi wa Norfolk, nani atakikumbuka? Ingekuwa vyema ukumbi wa Kaloleni na angalau safu moja ya nyumba zake zihifadhiwe, na kibao kiwekwe, watoto wasome.

Ndugu wasomaji, ikiwa baba au babu yako alifanya kazi katika hoteli za mjini, usingoje serikali. Muulize angali hai: alilala wapi, alilipwa nini, alitembea njia gani. Andika katika daftari, tunza picha na cheti chake cha kazi. Na ukipata nafasi ya kwenda Norfolk, hata kwa kikombe kimoja cha chai, nenda na mtoto wako, lakini anzeni safari Kaloleni, na mwende kwa miguu.