Tulichojifunza Babati

Kutoka Arusha hadi Babati ni mwendo wa kilomita zipatazo 170. Tuliondoka alfajiri, akina mama tisa, kwenda kuwatembelea wenzetu. Baada ya Makuyuni tuliiacha Hifadhi ya Tarangire kushoto na Ziwa Manyara kulia. Magugu tulisimama kununua mchele, maana nani apite Magugu arudi nyumbani mikono mitupu? Kisha Mlima Kwaraa ukajitokeza, na chini yake mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002.

Wenyeji wetu, Wagorowa, Wairaqw na Warangi, walitupikia perege wa Ziwa Babati. Wakatuonya tusisogelee ukingo wa ziwa jioni kwa sababu ya viboko. Baada ya chakula wakasema, "Sasa twendeni mkawaone watoto wetu."

Watoto wenyewe walikuwa vijana wapatao kumi na wawili, wa kike na wa kiume, wamekusanya watu chini ya mti. "Shikamooni, mama zetu," walisema, wakaanza igizo. Kijana mmoja alijifunga khanga akawa bibi. Mtoto mchanga analia, naye bibi anasema, "Huyu ana lawalawa. Mama yake akienda sokoni, nitamwita ngariba." Dada mtu anasikia, anambeba mtoto mgongoni na kukimbilia zahanati.

Mwanzoni tulicheka, kisha tukanyamaza. Lawalawa ni maambukizi ya sehemu za siri, lakini huko Dodoma, Singida na Manyara wapo wanaoamini kwamba dawa yake ni kukeketa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Baadhi ya watu hawakuacha. Walianza kuwakeketa watoto wachanga ndani ya nyumba, bila ngoma wala sherehe ya kumjulisha jirani.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Manyara wanawake 58 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Mwaka 2022 Manyara walikuwa 43, nchi nzima 8. Idadi imepungua, tunashukuru. Lakini binti anayezaliwa hapa bado yumo hatarini kuliko wenzake wa mikoa mingine mingi: kuvuja damu, pepopunda, na shida ya kovu siku ya kujifungua.

Igizo lilipokwisha, bibi mmoja aliinuka kwa shida. "Wajukuu zangu, mnasema tusikate. Mtoto akijikuna na kulia usiku kucha, nifanye nini?"

Hawakumcheka wala kumkemea. Binti mmoja alipiga goti mbele yake akamjibu, "Bibi, mwoshe kwa maji safi, kisha asubuhi mpeleke zahanati. Hayo ni maambukizi, yana dawa. Kisu hakiyaponyi." Kijana wa kiume akaongeza, "Na sisi tumewaambia wazazi wetu kwamba hatudai mke aliyekeketwa." Bibi alitikisa kichwa, akaketi. Hatukujua kama amekubali, ila alikuwa ameuliza mbele ya watu, na hilo si dogo.

Njiani kurudi, mmoja wetu alikaa kimya hadi Minjingu. Kisha akatuambia kwamba binti yake wa kwanza alikeketwa akiwa na miezi mitatu, siku aliyomwacha kwa ndugu ili aende msibani. "Nilijua, nikanyamaza," alisema. "Leo watoto wa watu wamesema nilichoshindwa kusema." Tulilia naye.

Akina mama wenzetu, vijana hawa wametutangulia. Lakini wao hukutana na watu chini ya mti, na kisu kimehamia ndani ya nyumba, ambako mwenye sauti ni mama. Tuzungumze na mama mkwe, shangazi na yaya mapema, kwa upole, kabla mtoto hajazaliwa. Unapotoka kwenda sokoni, mtoto wako unamwacha na nani, na umemwambia nini?