Wajibu wa Kusahau

Mwezi uliopita nilinunua karanga nje ya geti la chuo. Nilipoikunjua karatasi iliyozifunga, nikakuta orodha ya matokeo ya mtihani: majina, namba za usajili, alama. Chini kabisa palikuwa na saini yangu.

Aibu ile ilinirudisha kwenye somo ninalolifundisha darasani. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Mshambuliaji alituma neno fupi akadai ni refu. Seva, bila kulipima, ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu yake, zikiwemo nywila na hata funguo za siri. Nchini Kanada, namba za bima ya jamii za walipakodi wapatao 900 zilichukuliwa kwa njia hiyo. Hakuna mlango uliovunjwa. Seva iliulizwa tu, nayo ikajibu.

Kinga inafahamika. Siri hutengewa chumba chake katika kumbukumbu, mbali na data za kawaida. Kurasa zinazokizunguka hupigwa marufuku, na programu inayozigusa husimamishwa papo hapo. Mfumo endeshi huzuiwa kuinakili siri hiyo kwenye diski. Kazi ikiisha, siri hufutwa.

Katika kufuta ndimo mna mtego. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wetu kuwa lugha ya mashine, ikiona kwamba hakuna atakayeisoma tena sehemu ile, huweza kuiondoa amri ya kufuta kwa kuihesabu kuwa kazi bure. Ndiyo maana kiwango cha lugha ya C cha mwaka 2023 kiliongeza memset_explicit, amri ya kufuta isiyopaswa kuondolewa kwa kisingizio hicho.

Ofisi zetu nazo zina kompaila wao. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni hatua njema. Lakini bajeti inapopangwa, kuteketeza nyaraka huonekana gharama isiyozaa kitu, kwa kuwa faili limekwisha kutumika. Hata mimi nilifikiri hivyo nilipoitupa orodha ile kwenye boksi la karatasi chakavu. Kila kaunta inadai nakala ya kitambulisho; ni nani kati yetu amewahi kuuliza itaharibiwa lini? Anayekabidhiwa siri za watu ana wajibu wa kuzitunza, na pia ana wajibu wa kuzisahau.

Nilirudi kwa yule mama muuza karanga, nikamwomba aniuzie karatasi zake zote. Akashangaa: “Mwalimu, na karanga je, huzitaki?”

Nilizihesabu ofisini. Za kwangu zilikuwa 11. Orodha niliyoisaini ilikuwa na kurasa 14.