Kumbe debaga inalala!

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaachia stori za mbu wa BTP, nikaahidi kurudi kesho yake, nikaingia mitini. Leo sina umbea, nina deni.

Huko kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha tatu, somo la kompyuta. Mashine 9, watoto 42. Siku moja nikawa nawaonyesha namna ya kutafuta makosa kwenye programu ya C. Nikabofya pembeni mwa mstari, kikatokea kile kitone chekundu, nikaendesha programu, ikakimbia mpaka pale, ikasimama. Darasa zima: "Aaaah!" Mwalimu nikavimba kichwa.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, samahani. Programu inajuaje kwamba isimame hapo?"

Nikajibu bila kupepesa macho: debaga inaichungulia programu mstari kwa mstari, ikifika penye kitone inaiamuru isimame.

"Sasa madam, kama inachungulia kila mstari, mbona programu haipungui kasi?"

Jamani... Nikasema, "Swali zuri, tutaliona kipindi kijacho." Mnaosoma ualimu mnaijua hiyo sentensi, ndicho kichaka chetu cha kujifichia. Kipindi kijacho nikaja na mada nyingine, msimamizi wangu kakaa nyuma na fomu yake. Kijana hakuuliza tena. Si hilo tu, hakuuliza swali lolote mpaka nafungasha begi. Hilo ndilo lililonirudi hapa chuo kila nikifungua laptop.

Basi juzi, bumu bado halijaingia, hakuna pa kwenda, nikaamua kutafuta jibu. Na nililomwambia yule mtoto lilikuwa uongo mtupu.

Iko hivi. Programu ukishaikompaili inakuwa mfululizo wa namba, baiti baada ya baiti, na prosesa inazisoma kama amri. Ukiweka kitone, debaga inakwenda kwenye kumbukumbu pale programu ilipopakiwa, inachukua baiti ya kwanza ya amri ya mahali hapo, inaiweka pembeni, halafu inapachika nyingine. Kwenye prosesa za Intel na AMD hiyo ya kupachikwa ni CC kwa namba za kizio cha 16, yaani 204. CC ni amri halali kabisa, maana yake: simama, toa taarifa.

Baada ya hapo debaga inaenda kulala. Kweli, inalala! Haichungulii kitu. Programu inakimbia kwa kasi yake yote mpaka prosesa ijikwae kwenye CC. Hapo mfumo endeshi unaisimamisha programu na kuiamsha debaga (kwenye Linux kwa ishara inayoitwa SIGTRAP): amka, mtu wako kanasa.

Mimi ni Tomaso, nikataka kuona kwa macho. Nikaandika programu fupi yenye fanksheni moja, na kabla ya kuiita fanksheni hiyo, programu inachapisha baiti yake ya kwanza. Bila debaga ikatoa 55. Nikaingia GDB, nikaandika break na jina la fanksheni, nikaendesha. 55 ile ile! Nikakaribia kulia. Mwenzangu wa chumbani, anayesoma Historia, akaniuliza kama nimefiwa.

Kumbe ukitaja jina tu, GDB inaruka zile amri za maandalizi mwanzoni mwa fanksheni na kuweka mtego mbele kidogo. Nikaweka nyota kabla ya jina ili mtego ukae kwenye anwani yenyewe hasa. Nikaendesha tena. Kwenye skrini: cc.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Lililonifurahisha zaidi ni namna ya kuendelea. Prosesa ikishatekeleza CC inakuwa imesogea baiti moja mbele. Ukiiachia hivyo itaanzia katikati ya amri na programu itaharibika. Kwa hiyo debaga inarudisha 55 mahali pake, inaisogeza prosesa nyuma baiti moja, inaiambia itekeleze amri moja tu, inapachika tena CC kwa ajili ya safari ijayo, ndipo inaiachia. Ndiyo maana CC ni baiti moja: kuna amri zenye baiti moja tu, na mtego mrefu ungekanyaga amri ya jirani. Kwenye prosesa za ARM za biti 64, kama zilizo kwenye simu zetu nyingi, kila amri ina baiti 4, hivyo mtego nao ni baiti 4.

Na yule kijana hakukosea. Kuchungulia kuna gharama kweli. Weka kitone chenye sharti, tuseme "simama i ikifika 5000", ndani ya kitanzi. Debaga itaamshwa kila mzunguko, itaangalia sharti, itarudi kulala. Hapo utaiona programu inachechemea. Mtoto wa kidato cha tatu aliyaona hayo kwa akili yake tu, mimi mwenye desa la kurasa 80 nikamzima.

Jana nimeandika kurasa mbili, nikazipiga picha, nikamtumia mwalimu wa somo wa kule kwa WhatsApp. Juu kabisa nimeandika: "Siku ile nilikujibu vibaya. Wewe ulikuwa sahihi." Nilisita sana kwenye hiyo sentensi, nikaifuta mara mbili.

Leo mchana mwalimu kanipigia, kampa kijana simu. Sauti ndogooo. "Shikamoo madam. Nimesoma. Sasa debaga ikibadilisha baiti, faili letu kwenye flash haliharibiki?"

Marahaba baba! Kichaka kilikuwa pale pale kinaniita. Nikamwambia, "Sijui vizuri. Nipe saa moja nijaribu."

Nikapima faili kwa md5sum, nikaweka mtego, nikaendesha, nikapima tena: ni ile ile. Kinachobadilishwa ni nakala iliyo kwenye kumbukumbu, faili haliguswi. Nikampigia kabla saa haijaisha, akasema kesho atajaribu mwenyewe.

Haya, ngoja nikawahi foleni ya kafteria kabla maharage hayajaisha. Alamsiki.