Kama Si Malaria, Ni Nini?

Leo sina kichekesho, nina swali.

Yale mafuriko ya 2024 yalipopungua hapa Kulesa, maji yalirudi mtoni lakini mbu wakabaki. Bibi akashikwa na homa. Vidole vikamvimba, hata jembe akashindwa kulishika. Nikampeleka zahanati, akadungwa kidole: malaria hakuna. Akapewa dawa ya maumivu, tukarudi nyumbani. Viungo vilimsumbua miezi miwili. Alipona, ila mpaka leo ugonjwa wenyewe hauna jina. Kwetu unaitwa "ile homa" tu.

Simlaumu daktari. Alikuwa na kipimo kimoja, kikajibu swali moja.

Sasa juzi usiku, bando likikaribia kuisha, nikakutana na habari za DNA ya kutengenezwa. Shuleni tulifundishwa DNA ina herufi nne: A hushikana na T, G na C. Mwanakemia wa Marekani, Steven Benner, na wenzake wameongeza nyingine. Mwaka 2019 walitangaza DNA ya hachimoji, yaani "herufi nane" kwa Kijapani. Humo P hushikana na Z, B na S.

Inasaidia nini? Skiza. Kipimo cha virusi hutuma vipande vya DNA vikatafute kirusi ndani ya damu. Shida ni kwamba damu imejaa DNA yako mwenyewe na ya vijidudu vingine, zote za herufi zilezile nne. Ni kama kuita "Abdalla!" pale stendi ya Garsen: watageuka kumi. Lakini vipande vya kipimo vikiitana vyenyewe kwa vyenyewe kwa herufi mpya, ambazo damu haina, hakuna mwingine atakayeitika. Kelele zinapungua, hata virusi vichache vinaonekana.

Na si ndoto. Herufi za aina hii zilishatumika kupima wingi wa virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya C. Mwaka 2017 kundi la Benner lilionyesha kipimo kimoja cha Zika, denge na chikungunya. Unatumia mkojo, au mbu aliyepondwa kwenye karatasi, na jibu ni mwanga unaouona kwa macho yako.

Hapo ndipo niliposhtuka. Zika ni msitu wa Uganda. Kirusi kilipatikana huko 1947. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu, kutoka mlipuko wa Tanganyika wa 1952. Majirani zetu wa Lamu uliwapiga 2004. Majina yametoka kwetu, wagonjwa ni sisi, vipimo viko Florida.

Najua herufi nane hazitafika Kulesa kesho. Lakini tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na kaunti haiwezi kununua kitu ambacho hakuna anayekiulizia. Kwa hivyo ukiambiwa malaria hakuna, usiseme asante ukaondoka. Uliza kwa heshima: basi ni nini? Akiuliza mmoja, ataonekana msumbufu. Tukiuliza kijiji kizima, hata MCA atalisikia.

Na wewe je, homa yako ya mwisho ilikuwa na jina?