Majira ya Ziwa Kivu

Msafiri ashukaye Bukavu kutoka milimani hulikuta Ziwa Kivu ghafula mbele ya macho yake. Rasi tano za mji zimetokeza majini kama vidole vya mkono, na hapo hapo mto Ruzizi huanza safari yake kwenda Tanganyika. Maji yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni ya kupoa, na mamba hawamo. Si ajabu watu kulipenda.

Lakini anayelipenda ziwa na ajifunze kwanza majira yake.

Tangu Septemba hadi Mei ni wakati wa mvua. Asubuhi maji hutulia kama kioo. Alasiri wingu jeusi laweza kushuka milimani na kuleta dhoruba kwa dakika chache. Mwezi wa Juni kiangazi huingia. Vumbi na ukungu huficha milima ya moto, nao upepo wa kusini huinua mawimbi. Ndio wakati wa likizo kubwa: watoto hujaa ufukoni, wakiogelea na kushindana mbio za mitumbwi.

Usiku ni zamu ya wavuvi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, na sambaza huufuata mwanga hata wavuni. Wapiga makasia huimba ili mikono iende pamoja. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa hazina nguvu tena. Basi wavuvi hupumzika na kutengeneza nyavu. Samaki huyo si mwenyeji: aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo hulisha maelfu ya jamaa.

Upande wa Goma kuna hatari nyingine, nayo haionekani. Wenyeji huiita mazuku: hewa nzito itokayo ardhini penye mashimo na mabonde, hata karibu na maji. Asubuhi pasipo upepo hutanda chini, ikaua mbuzi, na mtoto pia. Wazazi, msiwaache watoto wacheze mashimoni. Na mtu akianguka humo, asifuatwe bila akili, maana wengi wameangamia wakiokoa wenzao.

Tena kuna hatari tuijuayo sote, nayo ni boti lililojaa kupita kiasi. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya ajali kubwa karibu na Kalehe, Rais aliamuru kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Hata hivyo, tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka Minova lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliongoja ndugu zao. Vita vilikuwa vimefunga barabara. Wasafiri hawakuwa na njia nyingine.

Hatuwezi kuwalaumu wasafiri hao. Lakini penye nafasi ya kuchagua, tuchague vema: tungoje boti la pili, tudai jaketi, tulipe hata kama bei imezidi kidogo. Tuwafundishe watoto kuogelea wakati wa kiangazi, wakiwa pamoja na watu wazima. Ziwa latupa samaki, njia na mapumziko. Anayejua saa zake atarudi nyumbani jioni, na jamaa yake itamwona.